Kuzuia watu kujitoa uhai: kikundi cha mtaa Tanga kianze na lipi?

Kikundi chetu cha Ngamiani kina shilingi milioni mbili na laki nne mkononi. Ni michango ya kina mama na ya vijana wa kijiwe cha bodaboda, na ilikuwa inunue turubai na viti vya misiba. Kisha tukazika vijana wawili ndani ya wiki mbili, wote wamejitoa uhai. Siku ya hitma ya wa pili mama mmoja akasimama akasema hela ya turubai iende kupunguza misiba yenyewe. Hakuna aliyempinga. Mabishano yalianza tulipoulizana iende wapi hasa.

Mmoja anataka semina ya kufundisha watu dalili za mtu anayetaka kujiua. Wa pili anataka tununue masanduku ya kufuli ya kuhifadhia sumu za shamba, maana wengi wetu tunaishi mjini na tunalima Pongwe, Muheza au Pangani. Mwalimu wetu anataka somo shuleni. Mimi ni muuguzi mstaafu, nikaombwa nizipime njia hizi na niseme ipi itangulie. Nimesoma, nimeuliza, nimetembea. Naandika kwa ajili ya kikundi chetu na kwa kikundi kingine chochote cha Pwani chenye hela kidogo na uchungu mwingi.

Lakini kwanza hili. Kama wewe unayesoma ndiye mwenye mawazo ya kufa leo, acha kusoma, mwite mtu mmoja unayemwamini akae nawe. Nenda zahanati ya karibu, au hospitali ya Bombo hapa Tanga, usiku au mchana. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure, na mtoto ana namba yake, 116. Maandishi haya utayakuta hapahapa.

Madaftari matatu

Epidemiolojia ni elimu ya kuhesabu maradhi na vifo: nani, wapi, lini, kwa njia gani. Watu hudhani hiyo ni kazi ya maprofesa wa Muhimbili. Sisi tuligundua kwamba tukikosea hesabu hiyo, hela yote itakwenda kwa mtu asiye mlengwa.

Ukiuliza zahanati ni nani wanaojaribu kujiua, daftari litakuonyesha wasichana na wanawake vijana. Wengi wameletwa usiku, wametibiwa, wamerudi kwao. Ukisimama hapo utabuni mpango wa mabinti. Sasa nenda kauliza waliokufa: picha inageuka, wanaume wanajaa. Ndivyo ilivyo katika nchi nyingi, wanawake hujaribu zaidi na wanaume hufa zaidi, na kwa wastani wa dunia wanaume wanaokufa hivyo ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Zahanati inahesabu walionusurika. Mvuvi wa Deep Sea na mkata mkonge hawapiti kwenye daftari lile kabisa.

Daftari la polisi lingepaswa kuwa na vifo hivyo, ila watu wanaliogopa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mama anapodaiwa PF3, ile fomu ya polisi, ili mwanawe atibiwe sumu, atasema kijana alikunywa kimakosa, au anaumwa tumbo. Nimeandika “maumivu ya tumbo” mara nyingi kwa kalamu yangu huku nikijua. Nchi nyingine zimeanza kuliona hili: Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo katika sheria zao kinapingana na Katiba. Kosa linapokuwa kosa, takwimu zinajificha, na msaada unajificha pamoja nazo.

Daftari la tatu halijaandikwa. Liko kwa waosha maiti, kwa wachimba kaburi, kwa mjumbe. Watafiti wa Ifakara na Rufiji wamelitumia kwa miaka mingi kwa kwenda nyumbani baada ya msiba na kuwauliza wafiwa maswali yaliyopangwa, ili sababu ya kifo ipatikane hata kama marehemu hakufika hospitali. Kwetu, maiti aliyefariki alfajiri huwa amezikwa kabla ya alasiri, kwa hiyo maswali hayo ndiyo njia pekee. Nilipokwenda kuwauliza wazee wawili wanaoosha maiti, waliniambia familia nyingi hunyamaza kwa kuogopa kwamba marehemu hatasaliwa. Hofu hiyo inaondoleka. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa Pwani, aliyejiua huoshwa, husaliwa na huzikwa na Waislamu wenzake. Imamu akilisema hilo mara moja baada ya sala ya Ijumaa, wafiwa watapumua, na sisi tutajua ukweli zaidi.

Shauri langu ni kutolichagua daftari moja. La zahanati linasema nani wa kufuatwa, la waosha maiti linasema nani tunamkosa.

Na kuna mtego mmoja kabla sijaacha hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwa mwaka 2019, kwa dunia nzima, vifo 9 hivi vya kujiua kwa kila watu 100,000. Chukua kata yenye watu 20,000 inayofuata wastani huo: hata vifo viwili kwa mwaka havifiki. Mwaka mmoja hapatokei hata kimoja, mwaka mwingine vinatokea vitatu, kwa bahati tu. Kwa hiyo kikundi kisiseme “tumefaulu” kwa sababu mwaka huu hatukuzika mtu, wala kisikate tamaa kwa sababu tumezika. Kwa idadi ndogo namna hii, makaburi hayawezi kupima kazi yetu. Tupime tulichofanya: wangapi tumewafikia, wangapi wamerudi kliniki, maduka mangapi yameacha kuuza sumu kwenye chupa za maji.

Sanduku la kufuli, au sumu yenyewe iondoke?

Hoja ya sanduku inaeleweka haraka. Saa ya kukata tamaa mara nyingi ni fupi, na kilicho karibu na mkono saa hiyo ndicho kinachoamua kama mtu ataishi. Basi fungia sumu, saa ipite. Fundi wetu wa Makorora alishatupa hadi bei ya mabati.

Bahati nzuri jambo hili limejaribiwa, na kwa ukubwa. Huko Sri Lanka, vijiji 180 vyenye kaya zaidi ya 53,000 viligawanywa kwa kura: nusu wakapewa vyombo vya kufuli vya kuhifadhia viuatilifu, yaani sumu za shamba, nusu hawakupewa. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Nilisoma mara mbili, kwa sababu na mimi nilikuwa upande wa sanduku. Lakini fikiria nyumba zetu: ufunguo anao nani? Wanaume ndio wanaokufa zaidi, na mwenye shamba, mwenye sumu na mwenye ufunguo ni mtu mmoja.

Nchi hiyohiyo ilijaribu na njia ya pili. Katikati ya miaka ya 1990 Sri Lanka ilikuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi vya kujiua duniani. Serikali ikapiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, awamu kwa awamu, na wakulima wakabaki na dawa zisizo na ukali ule. Kufikia 2015 kiwango cha vifo kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 70 hivi, na watafiti wamekadiria uhai wa watu 93,000 uliookolewa katika miaka 20. Mavuno hayakuporomoka.

Kuna anayesema, “Ukimnyima hiki atatafuta kingine.” Ndiyo hoja niliyosikia zaidi mtaani. Uingereza ilipobadilisha gesi ya majikoni kutoka ile ya makaa yenye sumu kwenda gesi asilia, vifo vyote vya kujiua Uingereza na Wales vilishuka kutoka 5,714 mwaka 1963 hadi 3,693 mwaka 1975. Wengi hawakutafuta kingine. Na huko Marekani watu 515 waliozuiwa kwenye daraja la Golden Gate kati ya 1937 na 1971 walifuatiliwa miaka mingi baadaye, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa hai au wamekufa kwa sababu za kawaida. Mtu akivushwa usiku ule, kwa kawaida ameishi.

Kati ya hizi mbili mshindi yuko wazi, lakini kupiga marufuku si kazi ya kikundi cha mtaa. Ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha. Sisi tunachoweza ni kidogo na hakigharimu sana: kuongea na wenye maduka ya pembejeo wasipime sumu kwenye chupa zisizo na lebo, wasimuuzie mtu wasiyemjua aliyekuja peke yake anatetemeka, na kuandika barua kwa mamlaka yenye orodha ya sumu tunazoziona zikileta watu hospitali. Kwa wakulima wa mboga wa Lushoto, ambako dawa hupulizwa karibu kila wiki, jambo hili lina uzito kuliko kwetu mjini. Kikundi cha huko kingeliweka la kwanza, nami ningekiunga mkono. Masanduku, hapana.

Semina ya watu wazima, au somo la wanafunzi?

Semina ndiyo watu wanayoipenda. Ina bango, ina chai, ina posho. Na nia yake ni njema: walimu, mashekhe, wachungaji na wajumbe wafundishwe kumtambua mtu aliye hatarini na kumfikisha kwa mtaalamu.

Ulaya walizipima njia tatu kwa pamoja katika shule 168 za nchi 10, wanafunzi zaidi ya 11,000. Kundi moja walimu walifundishwa kutambua dalili. Kundi la pili wataalamu waliwapima wanafunzi kwa dodoso na kuwaita walioonekana hatarini. Kundi la tatu wanafunzi wenyewe walipewa saa tano ndani ya wiki nne: wanaigiza visa, wanazungumza juu ya huzuni, ugomvi wa nyumbani na kumsaidia rafiki. Kundi la nne lilibaki na mabango ukutani tu. Baada ya mwaka, kundi la maigizo ndilo pekee lililopishana na lile la mabango kwa kiasi cha maana: wanafunzi 14 walisema wamejaribu kujiua katika kipindi hicho, na kundi la mabango 34. Njia ya walimu na njia ya dodoso hazikuonyesha faida ya uhakika.

Shule ya Tanga yenye wanafunzi 80 darasani si shule ya Ulaya, nalikubali hilo. Lakini nalijua na hili: mtoto wa kidato cha pili akizidiwa, wa kwanza kujua ni mwenzake wa dawati. Mwalimu atajua baadaye sana, na mzazi mwisho. Kwa hiyo nikilinganisha, somo la wanafunzi wenyewe linaishinda semina ya wakubwa, na hatuhitaji ukumbi. Maigizo tunayo tayari, ngonjera tunazo, vijana wetu wanajua kuigiza kuliko sisi. Sharti moja tu: asionyeshwe mtu akijiua jukwaani, wala asitajwe marehemu wa mtaani. Igizo liishie pale rafiki anaposema na mtu mzima anasikiliza.

Kumtafuta asiyejulikana, au kumfuata anayejulikana?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na nina deni langu hapa.

Miaka mingi iliyopita, katika zahanati niliyokuwa nafanya kazi, aliletwa kijana usiku. Alitibiwa, akapona. Asubuhi nilimpa panadol na nikamwambia, “Pole mwanangu, ukizidiwa uje.” Alisema, “Sawa, nesi.” Hakuna aliyeandika namba ya jirani yake. Hakuna aliyepita kwao. Baada ya mwezi mmoja nilisikia tanzia yake nikiwa kwenye daladala. Yule hakuwa mtu asiyejulikana. Jina lake lilikuwa kwenye daftari letu kwa mwandiko wangu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aliyewahi kujaribu kujiua ndiye aliye hatarini zaidi kuliko mwingine yeyote, na kwamba kwa kila kifo kimoja huenda kuna zaidi ya majaribio 20. Likaratibu utafiti katika miji mitano, Campinas ya Brazil, Chennai ya India, Colombo, Karaj ya Iran na Yuncheng ya China, matokeo yakatoka mwaka 2008. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa kwa kura. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walikaa na mtu saa moja akawaelezea kilichowapata na pa kupata msaada, kisha wakajuliwa hali mara tisa kwa simu au kwa kutembelewa: wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, ya saba, ya kumi na moja, kisha mwezi wa nne, wa sita, wa kumi na mbili na wa kumi na nane. Mwisho wa miezi hiyo 18, waliopata huduma ya kawaida walikuwa wamekufa 18 kwa kujiua. Waliojuliwa hali, wawili.

Hakuna dawa mpya hapo, wala jengo. Kujuliana hali ndiko tulikolelewa nako Pwani, ni vile tu aliyejaribu kujiua tunamkwepa, tunamwonea haya au tunamsema. Tazama na tarehe zilivyopangwa: tano kati ya tisa zimo ndani ya miezi mitatu ya kwanza, maana hatari ni kubwa mtu anapotoka tu hospitali. Kijana wangu alikufa kwenye wiki ya nne. Angekuwa ameshapitiwa mara mbili, na ya tatu ilikuwa siku zilezile.

Tumejaribu kidogo na watu wawili, kwa ridhaa yao na kwa makubaliano na muuguzi aliyewatibu. Kwa binti mmoja nilisema nitakuja Jumanne baada ya alasiri. Nilibisha hodi, mama yake yuko uani anakuna nazi.

“Hodi hapa.”

“Karibu, Bi.” Binti alitoka na kanga kichwani. “Shikamoo.”

“Marahaba mwanangu. Umelala usiku?”

Hakujibu hilo. Alinitazama, akasema, “Ulisema Jumanne. Na leo Jumanne kweli.”

Tulikaa nusu saa, tukamsaidia mama kukuna ile nazi. Aliniuliza kama dawa za sonona humfanya mtu kuwa mwehu, nikamwambia hapana, na kwamba nitamsindikiza kliniki ya Bombo Alhamisi. Gharama ya siku ile ilikuwa nauli ya bodaboda.

Hesabu ya kata ile ya watu 20,000 sasa inatoa picha nyingine. Vifo viwili vinaweza kuwa na majaribio 40 nyuma yake. Mara tisa kila mmoja, ni kujulia hali mara 360, karibu mara moja kwa siku, na kwa kweli watafikishwa zahanati wachache kuliko hao. Watu sita wenye moyo wanaweza.

Sitaki kuificha kasoro ya njia hii. Wengi wanaokufa hufa mara ya kwanza wanapojaribu, hasa wanaume, na hao daftari la zahanati halitatupa kamwe. Mtaalamu wa Uingereza Geoffrey Rose alilieleza mwaka 1985 kwa maradhi ya moyo: watu wengi wenye hatari ndogo wanaweza kutoa vifo vingi kuliko watu wachache wenye hatari kubwa. Ndiyo maana sumu lazima ipunguzwe kwa wote na watoto wote wafundishwe, wala tusitosheke na kuwafuata tunaowajua. Lakini nikiulizwa na mtu mwenye hela ya mwaka mmoja aanze wapi, nitasema aanze na jina lililokwisha kuandikwa.

Tangazo la msiba

Hili halihitaji hela hata senti. Huko Vienna, Austria, vifo vya watu kujirusha kwenye treni za chini ya ardhi vilipozidi miaka ya 1980, magazeti yaliviandika kwa picha na vichwa vikubwa. Mwaka 1987 waandishi walipewa mwongozo, wakaacha madoido, na vifo hivyo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 70. Magrupu yetu ya WhatsApp ndiyo magazeti yetu. Kwa wale vijana wawili tulisambaza picha, njia na hata ujumbe wa mwisho. Kuanzia sasa msimamizi wa grupu anafuta hayo; yanayobaki ni jina la marehemu, saa ya mazishi, namba ya msaada, basi.

Tulivyogawa

Shilingi milioni moja na laki tatu: vocha, nauli na daftari la kuwajulia hali walionusurika, pamoja na siku mbili za wauguzi kuwafundisha wanaokwenda namna ya kusikiliza na kutunza siri. Laki sita: maigizo katika shule mbili za sekondari. Laki tatu: kuzunguka maduka ya pembejeo na barua ya Arusha. Laki mbili ni akiba ya kumpeleka mtu Bombo usiku wa manane, au hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi kule milimani Korogwe daktari akiagiza. Semina na masanduku havikupata kitu, na mzee aliyeitaka semina bado hajaridhika. Tumemwomba awe mmoja wa wale sita, na amekubali.

Daftari limepigwa mistari. Kila ukurasa una jina la kwanza tu, jina la anayekwenda, na tarehe tisa. Ukurasa wa binti una tarehe mbili zilizowekwa alama. Ya tatu ni Jumanne ijayo.